Kwa Nini Kiungo Kimoja Hupaa na Kingine Huzama: Wageni wa Tovuti Kutoka Reddit, Pinterest na Wenzao

Ukitafuta mtandaoni namna ya kuongezea tovuti wageni, huchelewi kukutana na ushauri huu: chukua kiungo cha makala yako, kipeleke kwenye orodha ya tovuti mia tano za alamisho, yaani tovuti ambako watu huhifadhi viungo, kisha subiri. Wapo hata wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo, programu ikijaza fomu usiku kucha. Ushauri huo haukuzuka hivi hivi. Kuna wakati ulizaa matunda, ndiyo maana bado unanakiliwa. Kasoro yake ni kwamba unafunga pamoja mambo matatu yasiyofanana: watu wanaohifadhi kiungo, watu wanaokipigia kura, na mashine inayowapelekea watu kile inachodhani watakipenda. Kila moja huleta wageni kwa kasi yake, nao ni wageni wa namna yake.

Akiba na kura

Tuanze na kuhifadhi, maana ndiko kulikoanzia. Kila kivinjari hukuruhusu kuweka alamisho ili uurudie ukurasa baadaye. Mwaka 2003 Joshua Schachter alianzisha Delicious, ambako alamisho zilihama kutoka kwenye kompyuta ya mtu zikakaa mtandaoni, zikabandikwa lebo, na kila mtu akaweza kuona wenzake wamehifadhi nini. Watu mia wakihifadhi ukurasa mmoja ndani ya siku moja, ukurasa huo ulipanda kwenye orodha ya vilivyopendwa, na wasiokuwa na habari nao wakaufuata. Hakuna aliyekuwa ametangaza chochote. Kila mmoja alijiwekea akiba yake, na jumla ya akiba ikageuka kuwa habari. Mwishoni mwa 2005 Yahoo wakainunua.

Digg, iliyofunguliwa na Kevin Rose na wenzake mwishoni mwa 2004, ilikwenda njia nyingine. Huko mtu hakuhifadhi kwa faida yake. Alipiga kura ili kiungo kiwafikie wengine. Reddit ya Steve Huffman na Alexis Ohanian ikafuata Juni 2005, na Hacker News ya Paul Graham, inayosomwa zaidi na watu wa teknolojia, Februari 2007. Pembeni yao ilikuwepo StumbleUpon, iliyoanzia Kanada, ambayo haikukuonyesha orodha yoyote: ulitaja mambo unayoyapenda, ukabonyeza kitufe, ukatupwa kwenye ukurasa usioujua. Usipokuvutia, ulibonyeza tena. eBay waliilipia dola milioni 75 mwaka 2007, jambo linaloonyesha jinsi wakati ule watu walivyoamini kitufe hicho.

Mtu huhifadhi kile anachotarajia kukihitaji: mwongozo mrefu, jedwali la marejeo, orodha ya zana. Mara nyingi hukihifadhi kabla hajakisoma, na wengi hawarudi tena. Kura ni kitu kingine. Hupigwa kwa hisia ya papo hapo, iwe mshangao, kuafiki, hasira au kicheko, na tuseme ukweli, wengi huipiga kwa kusoma kichwa cha habari peke yake. Makala ndefu ya kueleza hatua kwa hatua namna ya kupanga hifadhidata inaweza kukusanya alamisho nyingi sana na isipate kura za kutosha kuitoa chini. Habari ya ugunduzi wa ajabu itapaa kwa kura na kesho hakuna atakayeitafuta.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza upeleke kiungo wapi, jiulize kwanza ukurasa wako ni wa kuwekwa au ni wa kujadiliwa. Swali hilo moja linaokoa kazi nyingi ya bure.

Saa iliyojificha nyuma ya kura

Tovuti za kura zina tatizo moja la msingi. Zikipanga viungo kwa wingi wa kura tu, ukurasa wa mbele utashikwa milele na viungo vya zamani, kwa sababu vimekuwa na muda mrefu zaidi wa kukusanya. Kila tovuti inalazimika kuvizeesha viungo vyake, na namna inavyovizeesha ndiyo inayoeleza mengi ya yale ambayo wenye tovuti huyaita bahati.

Kanuni ya Hacker News, kama ilivyowahi kuwekwa hadharani, ni fupi. Chukua idadi ya kura, toa moja, ambayo ni ya aliyewasilisha kiungo. Kisha chukua umri wa kiungo kwa saa, ongeza 2, pandisha jumla hiyo kwa kipeo cha 1.8, na uitumie kugawanya kura. Tuipigie hesabu. Kiungo chenye umri wa saa 1 na kura 30 kinabaki na 29 juu. Chini kuna 3 kwa kipeo cha 1.8, yaani takriban 7.2. Alama zake ni 4 na ushee. Sasa chukua kiungo chenye umri wa saa 10. Chini kuna 12 kwa kipeo cha 1.8, karibu 88. Ili kipate alama zile zile 4, kinahitaji kura zipatazo 350. Kura 30 za saa ya kwanza zina nguvu ya kura 350 za saa ya kumi.

Reddit ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa umma hadi 2017, na ndani yake kura zilipitishwa kwenye logi ya kumi. Maana yake ni kwamba kura 10 za kwanza zilikuwa na uzito sawa na 90 zilizofuata, nazo hizo 90 zikalingana na 900 za baada yake. Kila hatua kati ya hizo ililingana na sekunde 45,000 za umri, yaani saa 12 na nusu. Kiungo chenye kura 100 kilichowekwa sasa kilikaa bega kwa bega na chenye kura 1,000 kilichowekwa saa 12 na nusu kabla. Reddit imebadilisha mengi tangu hapo, na siku hizi kila msomaji huonyeshwa mpangilio uliokatwa kwa kipimo chake, lakini wazo la kwamba kura za mwanzo ndizo nzito halijaondoka.

Ukishaiona hesabu hii, mambo kadhaa yanajieleza yenyewe. Kwanza, hatima ya kiungo huamuliwa na watu wachache mno. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndio wanaofanya karibu kila kitu. Ndani ya hao wachache, wachache zaidi hufungua ukurasa wa viungo vipya, ule ambao haujachujwa na yeyote. Hao ndio mahakimu wako wa saa ya kwanza. Wameona kila hila ya kichwa cha habari. Kichwa cha kutia hamu bila kusema kitu hakiwapati. Kichwa kinachosema wazi ndani kuna nini kina nafasi nzuri zaidi kwao, hata kama kingekuwa kikavu machoni pa mtu wa matangazo.

Pili, bahati ipo kweli, si kisingizio. Kiungo kilekile kilichozama asubuhi kinaweza kupaa wiki ijayo kwa sababu tu mahakimu wengine walikuwa macho. Hacker News wenyewe wanalijua hilo. Wana utaratibu wa kuchukua viungo vizuri vilivyozama na kuvipa nafasi ya pili, na wanaruhusu kiungo ambacho hakikupata kuonwa kirudishwe mara chache. Mtu anayekata tamaa baada ya kujaribu mara moja hajajaribu.

Tatu, na hapa ndipo wengi huteleza, hesabu hiyo hiyo inamfanya mtu aone njia ya mkato. Ikiwa kura kumi za mapema ni mali, mbona nisiwaombe marafiki kumi? Ndivyo kila mtu alivyofikiri, ndiyo maana ulinzi uko mlangoni. Hacker News inakataza kuomba kura na ina mitambo ya kugundua watu wanaopigiana. Reddit inakataza kuchezea kura kwa aina yoyote. Akaunti zilizofunguliwa juzi, zinazopigia kura viungo vya tovuti moja ndani ya dakika chache, hazihitaji upelelezi mkubwa. Adhabu mara nyingine huwa ya kimya: unaendelea kuona machapisho yako mwenyewe kama kawaida, lakini wengine hawayaoni. Mtu anaweza kuandika kwa wiki nyingi akijiuliza kwa nini ulimwengu umenuna.

Digg ilivyowapoteza wasomaji wake

Kisa cha Digg kinastahili nafasi yake, kwa sababu kinaonyesha upande wa pili, yaani kinachotokea wenye tovuti wanapopewa njia nyepesi.

Katika miaka yake ya nguvu, kufika ukurasa wa mbele wa Digg kulitosha kuangusha seva. Watumiaji wachache waliojizolea wafuasi wengi waliweza kuinua karibu chochote, na mwenye tovuti aliyekuwa na urafiki nao alikuwa na neema. Agosti 2010 Digg ilizindua toleo lake la nne. Wachapishaji wakaruhusiwa kuunganisha milisho yao ya RSS, yaani orodha ya makala mpya ambayo programu huisoma yenyewe, ili makala ziingie bila kuwasilishwa na mtu, na kitufe ambacho wasomaji walikitumia kuzika takataka kikaondolewa. Kwa mwenye tovuti, hiyo ilikuwa ndoto: hakuna haja ya kubembeleza mtu. Kwa wasomaji ilikuwa dharau. Mwishoni mwa mwezi huo huo waligoma kwa namna ya kuchekesha, wakaujaza ukurasa wa mbele wa Digg kwa viungo vya kuelekea Reddit, kisha wengi wakahamia huko moja kwa moja. Julai 2012 jina na tovuti vikauzwa kwa kampuni ya Betaworks.

Wachapishaji walipata mlango mpana wa kuingilia nyumba ambayo watu walikuwa wanahama. Tangu hapo, jamii za namna hii zimekuwa na pua kali kwa chochote kinachonukia tangazo, na sidhani kama wamekosea.

Namna ya kuingia bila kufukuzwa

Reddit si tovuti moja. Ni maelfu ya vikundi, kila kimoja na wasimamizi wake wa kujitolea, kanuni zake na hasira zake. Zamani ulikuwepo mwongozo wa jumla kwamba kati ya vitu kumi unavyowasilisha, kisizidi kimoja kinachotoka kwako mwenyewe. Leo kila kikundi hujipangia: vingine vinakataza kabisa viungo vya kujitangaza, vingine vina siku maalumu ya kuviweka, vingine vinataka maandishi yote yawe palepale na kiungo kikae mwisho. Kanuni hizo huandikwa pembeni ya ukurasa, na inashangaza ni wangapi hawazisomi.

Kazi ya maana hufanyika kabla ya kuwasilisha chochote. Fungua kikundi, panga machapisho yake kwa yaliyopata kura nyingi zaidi kwa mwaka mzima, usome vichwa hamsini vya kwanza. Utaona lugha yao, urefu wanaoupenda, maswali yanayojirudia. Kisha soma maoni ya chini ya machapisho yaliyochukiwa. Huko ndiko watu husema wazi wasichokitaka. Baada ya hapo anza kuchangia maoni bila kiungo chochote. Hii si adabu tu. Msimamizi akiona kiungo chenye shaka, jambo la kwanza analofanya ni kufungua historia ya akaunti, na historia yenye kiungo cha tovuti moja kilichorudiwa mara ishirini inajihukumu yenyewe.

Hacker News ina desturi zake. Kichwa kiwe kile cha asili cha makala, isipokuwa kama kinapotosha au ni chambo. Sehemu yake iitwayo Show HN ni ya kitu ambacho watu wanaweza kukijaribu, kama programu au mashine uliyoiunda. Makala ya kusoma tu haina nafasi hapo. Wasomaji wake hupenda maelezo ya kina kutoka kwa aliyefanya kazi mwenyewe, vipimo vilivyopimwa, historia ya vitu vya kiufundi, hata mada za mbali kabisa na kompyuta mradi zina undani. Hawapendi makala ambayo aya yake ya mwisho inageuka kuwa tangazo la bidhaa, nao huigundua mapema kuliko unavyodhani.

Kuna njia ya tatu ambayo haitajwi sana, pengine kwa sababu haina shamrashamra: maoni. Mtu ameuliza swali, wewe unalijibu kikamilifu palepale, na mwisho unasema kwamba hesabu nzima au picha ziko kwenye ukurasa fulani, wako, na unakiri kuwa ni wako. Kiungo cha namna hiyo kitaleta wageni wachache. Lakini hao wamekwisha kukusoma, wanajua wanachokifuata, na swali hilo likiulizwa tena kwenye injini ya utafutaji mwaka ujao, mjadala ule unaweza kuwa wa kwanza kutokea. Kwangu mimi hii inashinda kuwania ukurasa wa mbele, hasa kwa tovuti changa.

Pinterest na mashine za kupendekeza

Pinterest, iliyofunguliwa 2010, mara nyingi huorodheshwa na mitandao ya kijamii, na watu huitumia kama mtandao wa kijamii, kisha hulalamika. Inaeleweka vizuri zaidi ukiichukulia kama injini ya utafutaji ya picha ambayo watu huitumia wanapopanga jambo la mbele: chumba cha kupambwa, vazi la kushonwa, mradi wa kufanywa kwa mikono. Picha hubandikwa kwenye ubao, na nyuma ya picha kuna kiungo cha kurudi kwenye tovuti yako. Ndiyo mrithi halisi wa Delicious, ila macho yamechukua nafasi ya lebo.

Saa yake ni tofauti kabisa na ya Reddit. Chapisho la Reddit huisha nguvu ndani ya siku moja au mbili; picha ya Pinterest inaweza kuanza polepole, ikabandikwa tena na watu wasiokujua, na kuendelea kuleta wageni baada ya miezi, hata miaka. Inafuata pia majira: watu huanza kutafuta mambo ya sikukuu mapema sana, kwa hiyo anayebandika wiki ya sikukuu yenyewe amechelewa.

Mambo ya kiufundi hapa ni machache na yanafahamika. Picha iwe ya wima, kwa uwiano wa 2 kwa 3. Pikseli 1000 kwa 1500 ni kipimo cha kawaida. Maneno ambayo mtu angeyatafuta yawepo kwenye kichwa cha picha, maelezo yake na jina la ubao. Thibitisha umiliki wa tovuti yako katika akaunti ili takwimu zake zikufikie. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na picha kadhaa tofauti, kila moja ikijibu utafutaji tofauti. Kama tovuti yako inachambua sheria au uchumi na haina cha kuonyesha kwa picha, usijilazimishe.

Flipboard, ambayo pia ilianza 2010, hukusanya makala katika majarida yanayotengenezwa na watumiaji. Unaweza kuwa na jarida lako humo, likichanganya makala zako na za wengine. Haihitaji maelezo marefu.

Google Discover ndiyo inayozua maswali mengi. Hii ni ile orodha ya makala inayomtokea mtu kwenye simu kabla hajatafuta chochote. Huwezi kuwasilisha kiungo huko, hakuna kura, na hakuna wa kumwomba. Ukurasa ukishaingia kwenye hazina ya Google na kutimiza masharti yake ya maudhui, unaweza kuchaguliwa. Google inashauri picha kubwa, zenye upana usiopungua pikseli 1200, pamoja na mpangilio wa max-image-preview:large ili picha hizo ziruhusiwe kuonyeshwa kwa ukubwa. Wenyewe wanasema wazi kwamba wageni wa Discover hawatabiriki na wachukuliwe kama nyongeza juu ya wale wa utafutaji. Mwenye tovuti aliyeona grafu yake ikipanda kama mlima na kushuka siku ya tatu bila sababu yoyote inayoonekana anajua wanamaanisha nini.

Kiungo kama kiungo

Sasa turudi kwa wauza viungo, wale wa orodha ya tovuti mia tano. Hoja yao haikuwa wageni hasa. Ilikuwa kwamba kila kiungo kinachoelekea kwako ni kura mbele ya Google, kwa hiyo viungo mia tano ni kura mia tano. Januari 2005, Google, Yahoo na MSN walitangaza kwa pamoja alama ya nofollow, ambayo tovuti huiweka kwenye viungo vinavyoandikwa na watumiaji ili injini zisivipe uzito. Tovuti nyingi za alamisho na mijadala zikaikumbatia. Aprili 2012 Google wakatoa badiliko lililojulikana kama Penguin, lililolenga tovuti zenye viungo vya kutengenezwa, na waliokuwa wamenunua viungo kwa maelfu wakajikuta wakivisaka kimoja kimoja ili vifutwe. Septemba 2019 Google walilegeza kidogo: nofollow ikawa dokezo badala ya amri, na wakaongeza alama ya ugc kwa maandishi ya watumiaji na sponsored kwa viungo vya kulipiwa.

Ukijumlisha hayo, tovuti mia tano za kwenye orodha zinabaki na nini? Nyingi hazina msomaji hata mmoja. Kila aingiaye anakuja kuweka kiungo na kuondoka; hakuna anayekuja kusoma, kwa hiyo hakuna wa kubofya, na injini haina sababu ya kuziamini.

Kiungo cha Reddit au Hacker News husaidia utafutaji kwa mzunguko. Miongoni mwa maelfu wanaofungua ukurasa wako siku hiyo kuna waandishi wa habari, wenye blogu, waandaaji wa majarida ya barua pepe. Watatu au wanne kati yao wakikuandika katika kurasa zao kwa hiari, hivyo ndivyo viungo ambavyo wauza orodha hawawezi kuvitengeneza.

Siku ya mafuriko na takwimu zake

Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanza 1997, ndiyo iliyoufundisha mtandao kwamba sifa inaweza kuua: ikitaja tovuti ndogo, wasomaji walimiminika kiasi kwamba tovuti ilizimika. Ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ikapinduka, mgeni kaja na mwenyeji kalazwa. Hali hiyo bado ipo, ingawa kinga yake si ghali. Ukurasa unaotengenezwa upya kwa kuulizia hifadhidata kila mgeni anapofika ndio unaoanguka. Ukurasa uliokwisha kuandaliwa na kuhifadhiwa kama nakala tayari unastahimili umati mkubwa hata kwenye seva ya kawaida. Picha zipunguzwe uzito. Ukiweza, tumia huduma ya kusambaza nakala hizo kwenye seva nyingi. Yafanye kabla, maana kura hazitasubiri urekebishe.

Takwimu za siku hiyo husomwa vibaya na karibu kila mtu. Wastani wa muda wa kukaa utashuka, asilimia ya wanaoondoka baada ya ukurasa mmoja itapanda. Hilo ni tabia ya umati unaopita. Kinachofaa kupimwa huonekana wiki mbili au tatu baadaye: wangapi wamerudi, wangapi wamejiandikisha, tovuti gani mpya zimekuunganisha, na idadi yako ya kawaida ya kila siku imekaa juu kidogo kuliko zamani au imerudi palepale.

Kujua mgeni ametoka wapi nako kumekuwa kugumu. Kivinjari hueleza chanzo cha mgeni, lakini tangu 2020 vivinjari vikubwa vilianza kwa kawaida kutuma jina la tovuti tu, bila anwani kamili ya ukurasa. Utaona kwamba watu wametoka Reddit. Hutaona ni mjadala upi. Wanaobofya ndani ya programu za simu au ujumbe wa faragha mara nyingi hawaachi alama yoyote, na programu ya takwimu huwaweka kwenye kundi la waliokuja moja kwa moja, kana kwamba mamia ya watu waliandika anwani yako ndefu kwa kidole. Unaweza kuongeza alama za utm, maneno ya ziada yanayotaja chanzo, mwishoni mwa kiungo ili kukifuatilia, na kwa Pinterest au barua pepe hazina madhara. Kwenye Reddit na Hacker News ningeziacha, kwa sababu mkia huo unamwambia msomaji kwamba yuko kwenye kampeni ya mtu. Huko ni rahisi zaidi kutafuta jina la tovuti yako ndani ya jukwaa lenyewe. Hacker News, kwa mfano, huandika jina la tovuti kwenye mabano kando ya kila kichwa, na ukilibofya utapata kila kilichowahi kuwasilishwa kutoka huko.

Majukwaa nayo hufa

Google Reader, programu ya kusomea milisho ya RSS, ilifungwa Julai 2013. Delicious, baada ya kupita mikono kadhaa, ilinunuliwa na mshindani wake mdogo Pinboard mwaka 2017 na ikagandishwa isipokee alamisho mpya. StumbleUpon ilizimwa mwishoni mwa Juni 2018. Pocket, ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, iliyoanza 2007 na kununuliwa mwaka 2017 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilifungwa Julai 2025. Kila moja ya hizi ilikuwa, kwa kipindi fulani, chanzo kikuu cha wageni kwa tovuti fulani, na hakuna iliyowaachia wenye tovuti orodha ya wasomaji wao.

Ndiyo maana mgeni wa mafuriko anatakiwa apewe njia ya kurudi isiyopitia kwa mtu mwingine: mlisho wa RSS unaofanya kazi, fomu fupi ya barua pepe, viungo viwili vitatu vya makala zinazohusiana kweli na aliyoisoma. Fomu hiyo ikae mwisho wa makala. Ukimfunika msomaji wa Hacker News kwa dirisha la kujiandikisha kabla hajamaliza aya ya kwanza, atarudi alikotoka na kuandika maoni kuhusu dirisha, mwenzake atamjibu kuhusu madirisha ya aina hiyo kwa ujumla, na kufikia jioni mjadala mzima utakuwa wa dirisha, makala yako ikiwa haijatajwa hata mara moja.